Suruali za Wazee

Kwako Mwalimu,

Pokea salamu kutoka kwenye cherehani ileile. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananinunia.

Kazi ipo. Nilipoanza ufundi, wazee wa kiume mtaani walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Siku hizi wanajaza benchi langu kila asubuhi, wanabishana kuhusu presha zao, na wote wanataka suruali zipunguzwe urefu, maana wamepungua kimo. Wiki iliyopita nilipunguza yangu, inchi nzima. Nimetimiza sabini na moja. Usicheke.

Unakumbuka nilivyokwambia uolewe na mwingine? Babu alifariki akiwa na miaka arobaini na nane, baba hamsini. Nikapiga hesabu, nikaona nisikuache mjane na watoto wadogo. Ulininunia miaka mitatu, na ulikuwa na haki.

Sasa nasikia mumeo ametutoka. Pole sana, Mwalimu. Ujane niliotaka kukuepusha nao umekupata hata hivyo, na mimi niliyepaswa kufa niko hapa, nakunja pindo za wazee wenzangu.

Pembeni ya benchi pana nafasi ya mtu mmoja. Nimeifuta vumbi.

Wako, niliyekosea kipimo,
Fundi