Kikosi Kisicho na Msaliti

Jumapili, 4 Mei

Itangazwe kwa wote wanaohusika – yaani mimi na daftari hili – kwamba leo saa nane mchana nimeteuliwa rasmi kuwa Mjaribu Mkuu wa gemu. Mimi, msimamizi wa zamu katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali, ambaye hadi juzi nilikuwa naita wanangu waje wanizimie kompyuta. Uteuzi ulifanyika mezani, kabla sahani hazijaondolewa. Hapakuwa na mgombea mwingine. Mke wangu alicheka mpaka akakohoa.

Gemu ni ya binti yangu. Miaka mitatu anaitengeneza na mwenzake mmoja, Mchoraji, kwenye kile chumba tulichokuwa tunawekea magodoro. Jumamosi hii wanakuja watu wa kampuni kuiangalia. Wakiipenda, wataitoa. Wasipoipenda, anasema atatafuta kazi ya ofisini na kufuta kila kitu. Alisema hivyo huku akimenya chungwa, polepole, ganda moja refu bila kukatika. Namjua. Hiyo ni hofu.

Gemu yenyewe: wapiganaji kumi na wawili wanavuka milima, mraba kwa mraba, zamu kwa zamu. Kama drafti, ila kete zina njaa na kinyongo. Yeyote kati yao anaweza kugeuka msaliti. Umtambue kwa dalili, umfukuze, kabla hajamfungulia adui lango.

Kazi yangu ni kucheza, kisha kujaza fomu. Uzuri upande huu, udhaifu upande ule. Akaniambia, "Baba, usinipambe. Andika ulichokiona." Nikamwuliza kama anajua anaongea na nani.

Jumatatu, 5 Mei

Nimeshinda. Naandika tena kwa raha zangu – nimeshinda.

Nilichora ratiba kwa penseli, kama ya kazini. Mlinzi wa daraja kakesha? Kesho alale. Aliyebeba majeruhi leo, kesho abebe ngoma tu. Hakuna aliyekosa mkate, hakuna aliyepewa zamu mbili mfululizo. Nikafika kileleni na watu wote kumi na wawili, hakuna hata mmoja aliyenuna.

Mchoraji akaja kuhesabu kwa kidole kwenye skrini. Vijana ishirini wamejaribu, akasema, hakuna aliyewahi. Binti yangu akahesabu upya. Kisha: "Baba, umeniharibia gemu."

Maana kumbe wapiganaji hugeuka kwa sababu ya kuonewa. Ukiwatendea haki, hageuki mtu. Na gemu ya wasaliti isiyo na msaliti ni matembezi ya milimani. Miaka mitatu hawakuliona hilo. Mzee wa mashuka kaliona siku moja.

Upande wa uzuri niliandika: majeruhi akichechemea, wenzake wanapunguza mwendo bila kuamriwa. Mvua ikinyesha, huoni mbali, na unaogopa kweli. Upande wa udhaifu: herufi ndogo kama mayai ya chawa, kupika kunakula zamu nzima, na hilo langu, kubwa kuliko yote. Akalipigia mstari mara mbili. Nikaenda jikoni kunywa maji, kifua kikitangulia.

Jumanne, 6 Mei

Nimewasimulia kazini. Mara mbili, kwa sababu wa mashine za kukaushia hawakusikia vizuri. Nikahitimisha kwamba kikosi changu hakina msaliti.

Mama Pasi, kiongozi wa meza ya kupiga pasi, ulimi wake moto kuliko chombo chake, hakuinua hata macho. "Bosi, na yule anayelala kwenye toroli la mashuka kila Alhamisi, naye umemwingiza?"

Wakacheka wote. Nami nikacheka. Ni kweli, miaka kumi na tisa sijamwandikia mtu barua ya onyo. Nampa nafasi ajirekebishe. Wengine hujirekebisha. Nikawaambia binti yangu kajenga dunia nzima kwenye chumba cha magodoro, na baba yake ndiye kamwonyesha ufa. Mama Pasi akasema basi nitafutiwe kofia ya ujenerali.

Jumatano, 7 Mei

Kairekebisha usiku kucha. Sasa hata ukiwatendea haki, mmoja anaweza kusaliti kwa sababu zake – adui kamshikia ndugu, kwa mfano. Wazo zuri mno. Hilo limetoka kwenye kichwa nilichokuwa nakisuka mwenyewe mama yake akiwa zamu.

Nimepoteza watu wanne. Msaliti alikuwa mpishi. Kwenye fomu kuna swali jipya: ulimtambua kabla ya lango? Nimejibu: sikumtambua. Dalili hazionekani.

Sina zaidi leo.

Alhamisi, 8 Mei

Kwa sababu ya fomu yangu amekesha tena kuzikoleza dalili. Sasa mpishi anaangusha vijiko, anageuka nyuma kila hatua, anaondoka kwenye moto kama mtu mwenye tumbo la kuhara. Vijana watatu waliojaribu mchana wamemkamata zamu ya pili. Mmoja alipiga miayo.

Nilikuwa koridoni na trei ya chai. Mchoraji akasema bado kumvika fulana iliyoandikwa "msaliti" kifuani. Wairudishe ilivyokuwa jana, akasema, ya Jumatano ilikuwa sawa.

Binti yangu akamkatalia. "Baba hakuona. Na Baba anaangalia watu kuliko sisi sote."

Nikarudi na trei jikoni. Sikuingia.

Ijumaa, 9 Mei

Wageni ni kesho saa nne. Naandika hapa mambo yalivyokuwa hasa, kama nilivyomweleza binti yangu asubuhi hii.

Jumatano nilimwona mpishi zamu ya tatu. Anagawa mikate kumi na mmoja, wa kwake anautia mfukoni. Mtu mwenye njaa hafanyi hivyo, labda awe ana wa kumpelekea. Kila zamu anasogea mraba mmoja kuelekea mtoni. Nikambofya, kitufe cha kumfukuza kikawaka. Sikukibonyeza. Nikampa mapumziko. Zamu iliyofuata nikampa tena, na nikamwondoa mlinzi langoni asije akamwona. Nilidhani atajirudi. Akafungua lango. Wanne wakafa, wa kwanza mlinzi huyo huyo.

Kisha nikaandika sikumtambua. Si kwa huruma, nisijidanganye. Jumatatu nilishasema kikosi changu hakina msaliti, na Jumanne nikalisema mbele ya meza ya pasi. Basi. Mtoto kanyimwa usingizi, kaiharibu kazi yake kwa mikono yake mwenyewe, ili mimi nisionekane nimekosea.

Mchoraji alichukua kikombe chake akatoka. Binti yangu hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Zamu ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Ulijuaje?"

"Mkate."

Akaandika. Akasema ule mkate aliuweka mwaka jana, na hakuna aliyewahi kuutaja. Kisha akauliza kitufe nilikaa nacho muda gani. Nikamwambia chai ilipoa. Hilo nalo akaliandika, akalitazama sana. Nilitaka kusema pole. Akainua mkono, nisubiri.

Sasa ameirudisha ya Jumatano na kunikalisha kwenye kiti chake. Nicheze tena, anataka aone ninavyofanya. Simu imeita, ni wale wa kesho, ametoka kuipokea. Ameniambia nisiguse kitu mpaka arudi, anataka kuniangalia usoni.

Zamu ya tatu. Mpishi ameshagawa mikate. Nimembofya kabla sijakatazwa, kitufe kinawaka. Namsikia koridoni anawaambia ndiyo, iko tayari, kwa ile sauti yake thabiti – na mimi hapa najaribu kutengeneza uso wa mtu ambaye bado hajaamua.

Hauji.