Kizibao cha Maharagwe

Buyenzi, Ijumaa, Novemba 1967. Mvua tangu asubuhi, na roho yangu inachemka.

Nimechoka na watu kuliko nilivyochoka na mvua.

Zuhura wangu ana miaka sita na hasemi. Kelele zinamuumiza. Mvua ikipiga mabati huziba masikio, hulia, kisha hugonga kichwa ukutani. Daktari alisema ataacha akikua. Majirani wanasema shetani. Mimi mama yake niliona jambo moja: siku alipojifukia chini ya rundo la vitambaa vya wateja wangu, alitulia kabisa. Kumbe anataka uzito.

Nikakaa kwenye cherehani. Kizibao cha kwanza nilitia mchanga, ukavuja mpaka kitandani. Cha pili mchele, panya wakashukuru. Cha tatu nilikishona kwa kaki, vifuko vidogo vidogo kifuani na mgongoni, kila kimoja na maharagwe yake, ili uzito usimvute upande mmoja. Mvua ya Jumanne ilimkuta amekaa mkekani nacho, anachezea vifungo. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Leo nimerudi kutoka sokoni nimelowa, nikasikia kichwa kinagonga ukuta kabla sijafungua mlango.

Wifi yangu Mwamini alikuwa amebaki na mtoto. Aliona vile vifuko vimeshonwa vikafungwa, akadhani ni hirizi za mganga. Akavifumua vyote.

"Mutoto wa kaka yangu abebe uchawi? Apana!" akaniambia. "Na maharagi ni ya kula."

Alikuwa ameshayapika. Kwa mawese na vitunguu!

Nilimweleza mpaka sauti ikanikauka. Mume wangu akaingia, akatusikiliza sote wawili, akaomba sahani.

Zuhura aliokota kizibao kitupu, akakivaa mwenyewe, akasimama akingoja. Akangoja sana. Kisha akarudi ukutani.

Nilimkumbatia kwa nguvu mpaka mvua ikakatika. Sasa amelala, na nguo za watu hazijashonwa. Siwezi kuwa kizibao chake kila siku. Nina hasira, na hasira yenyewe sijui nimpe nani, maana kila mtu humu ndani anampenda mtoto huyu.

Kesho kukicha nateremka hadi mto Ntahangwa kuokota kokoto ndogo, zile laini. Nitaziosha, nitashona upya.

Mwamini akiweza kuzipika, nitakula.