Bastola Iliyorudi na Damu Yako

Baba,

Asalaam alaykum. Bastola yako imerudi nyumbani. Kesi imekwisha, aliyekuua hatoki tena jela, na polisi wa Houston wakanipigia simu nikachukue mali yako. Nimeendesha gari mpaka kule na kurudi Richardson bila kuwasha redio. Niliiweka kiti cha pembeni, kwenye mfuko wa plastiki, damu yako imekaukia kwenye mpini.

Nina hasira, Baba. Nikuambie ukweli, nina hasira hata na wewe. Mtu mzima, mhasibu mwenye akili zako timamu, umekufa kwa kung'ang'ania bastola ya kale ya fataki ambayo hata risasi haina. Magobori, Shangazi alikuwa anayaita. Baba yenu na magobori yake.

Unakumbuka yale maonyesho ya silaha za kale kule Dallas, mimi bado mdogo? Niliona doa kwenye mtutu wa bastola mezani, nikalifuta kwa ncha ya mtandio. Ulinichapa kofi mkononi mbele za watu, wewe ambaye hukuwahi kunigusa. "Usii-touch hiyo rangi! Ikitoka hairudi." Halafu ukaona haya, ukanipeleka kula aiskrimu, na huko ndiko ulikonifundisha kwamba thamani ya bastola ya kale ni ile rangi yake ya mwanzo. Ile buluu ya kiwandani iliyobaki kwenye silinda, pale panapokaa risasi. Kutu ya kahawia iliyotulia. Iliyong'arishwa ulikuwa unasema imechunwa ngozi, na huigusi hata upewe bure. Toka siku hiyo tukawa tunakwenda wote, tumevaa glavu za pamba, Mama akitucheka.

Nimekuona ukifa. Mahakamani walionyesha picha za kamera ya kile kituo cha mafuta cha Alief, kulekule Houston. Ulikuwa umetoka kuinunua ile uliyoihangaikia miaka yote, isiyojua tupa wala msasa. Yule mwanaharamu akakukaba shingo akitaka mkoba. Kwa nini hukumwachia? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Mkavutana, akauchana, akaichomoa bastola, akakuelekezea kifuani na kufyatua. Haina kitu. Akafyatua tena. Ndipo akaigeuza, akaishika mtutu, akakupiga nayo kichwani. Ulianguka, akaendelea kupiga. Mkono wako mmoja ulikuwa bado unaitafuta.

Nilijing'ata kiganja mpaka kikatoka damu. Nilitaka wanifungie naye chumba kimoja, nimng'oe macho kwa vidole vyangu hivi. Jaji anasoma hukumu, mimi naangalia shingo ya yule muuaji tu.

Basi habari zikawafikia wakusanyaji wenzako. Yule mzee wa Fort Worth, mliyekuwa mkibadilishana naye bastola, akapiga simu kunipa pole. Kisha akasema nisiisafishe. Damu nayo sasa ni sehemu ya historia yake, akasema, ikiachwa vilevile wanaoitaka wapo. Nilimtukana kwa matusi ya Tanga, hakuelewa hata moja, nikakata simu. Lakini sikuisafisha. Ndivyo ulivyonifundisha, usifute kitu. Nikaiweka kabatini kwako nyuma ya kioo, na zile nyingine.

Dada yako unamjua. Toka Mama akufuate, Shangazi anakaa na mimi. Akaanza kwa upole kwamba damu ni najisi na nyumba hii tunasali. Nikamwambia aiache. Akasema tena, nikamfokea. Juzi nimerudi kazini mchana, nikamkuta kwenye sinki, povu mpaka viwikoni, stilwaya ya kusugulia sufuria mkononi, bastola yako chini ya bomba. "Huoni haya?" akaniambia. "Damu ya baba yako unaiweka kabatini kama pambo?"

Nilimsukuma. Akagonga jiko, sufuria ya maharage ikaruka, akanidaka mtandio akauvuta mpaka nikakabwa. Nikampokonya bastola, nikainyanyua juu ya kichwa chake. Nilikuwa nimeishika mtutu, Baba. Nilitaka kupiga. Wallahi nilitaka.

Hakukimbia. Akaniangalia tu. "Nipige basi. Ndugu yangu nilishampoteza kwa hiyohiyo."

Nikaishusha. Tulikaa chini kwenye maharage, mimi na yeye, tukalia kwa sauti mpaka jirani akaja kugonga mlango. Shangazi alikwenda kumwambia hakuna neno, tumefiwa. Jirani akauliza lini, Shangazi akafunga mlango.

Siku ya mazishi yako wanaume walikuosha, mlango umefungwa. Mimi nilikaa nje nikisikia maji. Ndio utaratibu wetu, sikubishana na mtu, na nilipoitwa kukuaga ulikuwa umeshavikwa sanda, uso umefutwa, hakuna tone. Sikukufanyia kitu chochote. Jambo hilo nimelibeba mpaka juzi.

Nikamwambia Shangazi aitupe ile stilwaya. Tukachukua maji ya vuguvugu na kitambaa laini. Nilianza upande wa kulia, kama wanavyoanza waosha maiti, yeye akinimiminia kwa kikombe huku ananong'ona dua. Damu ilikuwa imeingia kwenye mikwaruzo ya mpini, nikaitoa kwa ukucha, taratibu. Maji yalitoka ya kahawia, yakapauka, yakawa safi. Buluu ya kwenye silinda nayo imetoka, sehemu ya kidole hivi. Wenzako hawataitaka tena. Utanisamehe.

Zile nyingine nitaziacha ulivyoziacha, na vumbi lake na kutu yake, na sitampa hata moja mtu anayependa damu. Na mkono huu hautanyanyuka tena juu ya Shangazi. Nimemwomba radhi yeye, nakuapia na wewe.

Mungu akulaze pema, Baba. Lala sasa. Na mimi nimekuosha.

Binti yako,
Zuhura