Herufi R Imeonekana Dunda

Jumanne. Manyunyu tangu alfajiri, mbingu rangi ya maji ya mchele.

Kwa heshima na taadhima, mbele ya mashahidi wawili, yaani feni na paka wa fundi cherehani, natangaza rasmi kwamba leo saa moja asubuhi herufi R imeonekana. Imeonekana kamili, na tumbo lake na mguu wake. Nimeitazama kama watu wanavyoutazama mwezi mwandamo, nikamwita paka naye aje aone. Hakuja.

Nianze mwanzo. Mimi ni mpiga video wa harusi hapa Dunda, chumba cha nyuma ya fundi. Hakuna aliyenifundisha. Nimejifunza kwa kuharibu, na wengi niliowaharibia bado wananisalimia. Riziki yangu iko mlango wa wanawake: kwenye sherehe zetu mwanamume mwenye kamera haingii, mimi naingia. Siku hizi wateja wanataka video kwenye simu. Lakini kuna nyumba ambazo deki bado ipo, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, na mtu wa nyumba hiyo akisema anataka DVD hatanii.

Jumamosi alikuja Bi Zuhura kutoka Kaole, akiongozana na Tatu, mtoto wa marehemu mdogo wake. Marehemu ni Bi Mwanaidi. Hao dada wawili walinuniana miaka kumi na moja, kwa sababu ambayo Kaole ina matoleo yake kama matano. Kwenye harusi ya binti wa Tatu, niliyoipiga video mimi, walikaa ukumbi mmoja, mmoja akitazama mlango na mwingine dirisha. Kisha Bi Mwanaidi akainuka, amejitanda kanga mpya, akapita mbele ya kiti cha dada yake taratibu, mgongo ukiwa upande wake. Bi Zuhura hakuinua macho. Miezi mitatu baadaye Bi Mwanaidi akafariki. Ndipo Tatu alipomwambia mama yake mkubwa kwamba kanga ile iliandikwa NIMESAHAU YOTE RUDI TUKAE.

Kwa msiokaa pwani: mtu anaweza kumaliza mwaka bila kukusemesha, na kanga yake ikakwambia kila kitu.

"Nataka nimwone kwangu," Bi Zuhura aliniambia. "Kwa deki yangu, mlango nimeufunga. Sitaki simu ya mtu."

Hilo tu. Nikamwambia ni kazi ndogo.

Jioni ileile nikatengeneza DVD kama ninavyotengeneza siku zote, harusi nzima ya saa tatu ndani ya diski moja, nikaijaribu kwenye deki yangu. Bi Mwanaidi alipita kama mtu aliyejengwa kwa vigae. Kila aliposogea, vigae vilimfuata nyuma, vimechelewa kidogo. Maneno ya kanga yakawa safu ya sisimizi. Nilipokaza macho nikasoma BUDI TUKAE, na huo si wito, hiyo ni barua ya serikali ya mtaa.

Naungama. Miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia wateja kwamba DVD ndivyo zilivyo.

Sivyo. Ndivyo nilivyokuwa mimi.

Kamera yangu inapiga HD, picha yenye nukta mara tano ya zile ambazo DVD inaweza kubeba. Kwa hiyo kubana video kunafanana sana na kukumbuka: nne kati ya tano lazima uziache njiani, na hakuna anayekuuliza uliziacha wapi. Jumapili nzima nilikaa na jambo hilo, mvua ikinong'ona juu ya bati, nikawa sijui kama nafanya kazi au naota.

Kwanza nikaipunguza harusi. Saa tatu zikawa dakika hamsini, ili kila sekunde ipate data ya kutosha. Hotuba zilipoondoka sikusikia pengo lolote. Pili nikaiambia programu ipite mara mbili. Mara ya kwanza inaangalia tu na kujiandikia wapi pagumu na wapi parahisi, mara ya pili ndiyo inabana. Zamani nilikuwa naipitisha mara moja kwa sababu ya haraka. Ya kwenda wapi, sijui. Katika kupita huko nikagundua kwamba gauni la shangazi mmoja lenye vimetameta lilikuwa linakula data kuliko bibi harusi na watu wake wote. Hata zile chenga za kwenye pembe zenye giza zilikuwa zinahudumiwa kama wageni rasmi. Nikazisafisha. Shangazi sikuweza.

Jana nikajifunza lililonigusa zaidi. Mistari myembamba, kama ya pindo la kanga, hutetemeka kwenye televisheni usipoilainisha kidogo kabla ya kuipunguza. Yaani ili kitu kionekane, kwanza unakitia ukungu. Nilikaa na sentensi hiyo mpaka chai ikapoa.

Vigae vikaisha. Watu wakawa watu. Lakini herufi bado zilikuwa ndogo mno, maana ukumbi ni mpana na kanga ni mstari mmoja katikati yake. Ndipo asubuhi hii nikapata akili: nisiipunguze picha yote. Nikate kipande chenye ukubwa wa DVD kutoka kwenye picha ya HD yenyewe, palepale penye maneno, nikiweke kama kilivyo. Nikakata. Ikatokea N, ikatokea S, na mwishowe R, imetulia kama kibao cha duka.

Sekunde kumi na moja za maneno matupu. Nikaifunga diski kwenye mfuko wa plastiki, nikapanda bodaboda kwenda Kaole na manyunyu yangu, nikitabasamu mwenyewe.

Nilipiga hodi, nikaamkia, nikaitikiwa marahaba, nikaulizwa hali ya watu nisiokaa nao. Tatu akaondoa kitambaa kwenye deki. Kanga ikajaa televisheni nzima. Nikanyamaza kwa adabu, nimpe Bi Zuhura nafasi asome. Akatazama mpaka mwisho. Mimi kimya chake nilikihesabu kuwa ni machozi.

"Mwanangu," akasema, "mbona umemkata kichwa?"

Nikaanza kumweleza habari za nukta. Akanisikiliza kwa uvumilivu, kama unavyomsikiliza mgonjwa.

"Maneno nilishaambiwa. Mie nataka kujua kama aligeuka."

Tatu ndiye aliyenifafanulia, nami ni mtoto wa pwani, niliona haya. Ukimpitia mtu na kanga yenye maneno yale, ukampa mgongo ukaenda zako, umempiga kijembe: rudi, ukithubutu. Lakini ukipita kisha ukageuka ukamtazama, umemwita. Kanga ni ileile. Shingo ndiyo inayotofautisha. Na Bi Zuhura hakutazama, kwa hiyo hajui kama alichokataa siku ile kilikuwa kijembe au wito.

Nilirudi Dunda sitabasamu.

Sekunde zile kumi na moja nimezipitia labda mara mia mbili, na sikuwahi kupanda juu ya mabega. Nikafungua picha ya HD, nzima. Bi Mwanaidi anapita, hatua moja, ya pili, ya tatu. Kisha anageuka. Hata sekunde moja haitimii. Uso wake ni wa mtu aliyesikia jina lake likiitwa chumba cha pili na hana hakika. Anatazama kiti cha dada yake. Na kwenye kiti, pembeni kabisa ya picha, Bi Zuhura ameinamia sahani, anatoa hiliki kwenye pilau.

Feni ilizunguka.

Nikakata upya, safari hii kipande kipana, kuanzia kilemba mpaka pindo, na dada yake ndani. Kwa upana huo ilibidi nipunguze, na R ikafa tena. Data yote nikaipa ile sekunde. Kamera yangu inapiga fremu hamsini kwa sekunde na DVD inataka ishirini na tano, kwa hiyo sekunde moja inaweza kuwa mbili bila kumwongopea mtu. Akageuka polepole, kama aliye majini.

Alasiri nilikuwa Kaole tena. Bi Zuhura hakukumbuka kufunga mlango.

"Irudishe," akasema. Tatu akabonyeza rimoti. "Irudishe." Sikuhesabu mara ngapi. Uso haukuvunjika vigae hata mara moja, na mimi, Mungu anisamehe, hilo nililitazama kwanza.

"Aligeuka," akasema mwishowe, akimwambia Tatu, si mimi. "Kumbe aligeuka, na mie nachambua hiliki."

Akajifuta uso kwa ncha ya kanga yake, akaniamuru ninywe chai.

Nikamwomba radhi kuhusu maneno. Nikasema siku hizi nne zote nilikuwa napigania herufi, na kesho nitamletea diski ya tatu yenye uso na R pamoja, naanza kuona njia. Akasema nisijisumbue. Nikasisitiza. Akasema nisijisumbue, mwanangu, akamtazama Tatu, na Tatu akainamisha kichwa haraka kwenye kikombe.

Tatu alinisindikiza mpaka barabarani, ndipo akaniambia. Bi Zuhura alisoma chuoni tu utotoni, Kurani. Herufi za Kiarabu anazisoma. Hizi nyingine hajui hata moja.