Amplifaya ya Mama

Tarehe 4 Februari

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na kazi ya dukani inaenda. Mimi sijambo. Mguu wa kulia unanisumbua nikipanda ngazi, lakini meno yaliyobaki yote yako pale pale.

Najua utashangaa kuona bahasha badala ya simu. Kwenye simu mimi na wewe tunagombana kabla salamu hazijaisha, na hili ninalotaka kukuuliza linahitaji utulivu. Wewe ndiye unayeuza na kutengeneza vyombo vya muziki, kwa hiyo nakuuliza kama mteja mwingine yeyote.

Nataka amplifaya ya gitaa. Moja tu, maana sina chumba cha kuweka mbili. Iweze kutoa sauti safi, ile ambayo kila uzi unasikika peke yake, na hiyo hiyo iweze kutoa sauti nzito, ya kunguruma kama lori linalopanda mlima na mzigo. Nilikwenda duka moja la hapa mjini, muuzaji akanionyesha yenye taa saba. Nikamuuliza taa za nini. Akasema zinapendeza. Nikaondoka.

Niandikie nichukue ya aina gani. Usiniulize mengi.

Mama yako


Tarehe 11 Februari

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, nashukuru. Pole na mguu. Usiupuuze, nenda ukapimwe.

Kuhusu amplifaya. Ziko za vali, vile vichupa vya kioo vinavyopata moto ndani, zenye sauti tamu, lakini ni nzito kubeba na zinataka fundi wa karibu. Ziko za transista, ngumu, hazina maringo. Halafu ziko za kidijitali, ambazo zimewekewa sauti mia za kuiga, na nyingi kati ya hizo hutazigusa maisha yako yote. Kwa anayetaka safi na nzito kwenye sanduku moja, tafuta yenye chaneli mbili, moja ya safi na moja ya nzito, kila moja na kitufe chake cha sauti, na swichi ya kukanyaga kwa mguu ili uhame kutoka moja kwenda nyingine bila kuacha kupiga.

Sasa niseme jambo moja halafu tuliache. Kama unaninunulia mimi, usijisumbue. Nilikuwa na miaka kumi na tisa siku uliyoitoa ile yangu ikawa kipaza sauti cha mwalimu mkuu. Sasa nina thelathini na nne. Sipigi tena. Huwezi kuleta sanduku jipya ukasema yameisha.

Wasalimie majirani.

Mwanao


Tarehe 19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mguu nimeupeleka, nimepewa dawa ya kuchua inayowakimbiza hata mbu.

Nani kakwambia ni yako? Ni yangu.

Nilistaafu mwaka juzi, kama unavyojua. Baada ya miaka thelathini na moja ya kuchapa barua za shule, vidole havikujua pa kwenda. Siku moja nasogeza kabati chumbani kwako nikakuta gitaa lako nyuma yake, nyuzi mbili zimekatika. Nilitaka kuligawa. Halafu nikasema ngoja kwanza. Jirani yetu fundi wa kuchomelea mageti, yule uliyekuwa ukimwita Cheche, alipiga besi ujanani. Akalitia nyuzi mpya, akanifundisha koradi nne, zile za kupiga nyuzi kadhaa kwa pamoja. Miezi ya mwanzo vidole vilichubuka kama nimesugua masufuria ya jeshi zima.

Sasa tuko watatu: mimi, Cheche, na dada mmoja mfamasia anayepiga ngoma. Hajafika hata miaka thelathini. Siku za kazi anahesabu vidonge kwa upole, Jumamosi mchana anakuja karakanani kwa Cheche kuzipiga zile ngoma kana kwamba zimemtukania ukoo. Mimi wananiita Karani. Tulianza na nyimbo za kwaya. Mwaka jana mfamasia akaleta za kwake, zile nzito. Akaazima amplifaya kwa shemeji yake, nikageuza kitufe mpaka mwisho, nikapiga uzi mnene mara moja tu. Mwanangu, niliisikia kifuani. Mageti yaliyoegemezwa ukutani yakaitika. Nikabaki nimesimama, nawaza juu ya mlango wa chumba chako na yote niliyokuwa nikikupigia kelele kupitia mlango ule.

Shemeji ameichukua amplifaya yake. Ndiyo maana nakuuliza.

Mama yako


Tarehe 2 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa chini. Nisamehe kwa kudhani.

Basi tufanye kazi. Kama mfamasia anapiga hivyo unavyosema, amplifaya ndogo ya chumbani itamezwa. Chukua ya wati hamsini au sitini, spika moja ya inchi kumi na mbili. Iwe ya transista, kwa sababu mtaibeba na siku moja mtaiangusha. Isizidi kilo kumi na nane.

Kuijaribu, nenda na gitaa lako. Usikubali kupewa la dukani. Anza na chaneli safi. Watu wengi huanza na nzito, na hapo ndipo wanapouziwa mbuzi kwenye gunia, maana mkwaruzo huficha kila kitu, mashine mbovu na hata mpigaji mbovu. Ongeza ile safi hadi ifike kimo cha ngoma. Ikianza kukwaruza kabla haijafika, iache. Ikifika bado safi, kanyaga swichi, piga koradi ya nyuzi zote sita. Ukisikia koradi, vizuri. Ukisikia nyuki ndani ya debe, aga uondoke. Mwisho, punguza sauti kwenye gitaa lenyewe, polepole. Ngurumo ikitulia ikawa karibu na safi bila kufifia, hiyo ndiyo yako.

Na mimi nina swali moja. Kwa nini uliitoa? Ulisema ni kwa ajili ya mtihani. Lakini mtihani ulikuwa umebakiza siku mbili kwisha. Miaka yote hii nimeshindwa kuielewa hesabu hiyo.

Mwanao


Tarehe 10 Mei

Mama,

Shikamoo. Sijapata barua tangu ile niliyokuandikia mwezi wa tatu. Nimepiga simu mara tatu; kila mara unasema uko mzima, utaniandikia, halafu unakata. Kama swali langu limekuudhi, liache. Niambie angalau kama amplifaya umeipata.

Mwanao


Tarehe 21 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, hata mguu una nafuu.

Hukuniudhi. Nilikuwa natafuta sababu nzuri ya kukuandikia. Nimeitafuta miezi miwili na sijaiona, kwa hiyo nakupa iliyopo.

Siku ile nilikuwa nimechapa tangu asubuhi, ripoti za darasa zima, na nikakosea nikarudia. Jioni iliyotangulia ulikuwa umepiga mpaka vikombe vikatembea rafuni. Baba yako alikuwa ametutoka mwaka mmoja nyuma, na kila kitu ndani ya ile nyumba nilikuwa nakibeba mimi. Mwalimu mkuu akaingia ofisini analalamika kwamba kipaza sauti kimekufa na wazazi wanakuja Ijumaa. Nikamwambia kipo kimoja nyumbani, tuma mtu akichukue. Nilisema hivyo bila hata kuinua macho kwenye mashine ya chapa. Haikuchukua dakika mbili. Ulipoingia na kuniuliza, nikataja mtihani, kwa sababu ilisikika kama sababu ya mzazi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka, nikataka kimya, na wewe ndiye uliyekuwa karibu.

Nilikuona siku ile umesimama katikati ya chumba unaangalia soketi ukutani. Ningeweza kuirudisha kesho yake. Sikuirudisha. Nisamehe, mwanangu.

Amplifaya nimeipata. Nilikwenda na karatasi yako na gitaa mgongoni. Muuzaji alinitolea mbili, moja ya kidijitali yenye sauti mia na kitu, nyingine nyeusi, ya chaneli mbili, sura ya sanduku la bati. Akasema, "Mama, chukua hii ya mia, ukichoka na moja unahamia nyingine." Nikamwambia nimeolewa mara moja tu na sikuchoka. Nikaanza na safi, nikapandisha, nikapandisha. Ile ya mia ilianza kukohoa. Nyeusi haikutikisika. Muuzaji akasema sauti inatosha kabisa kwa mama wa umri wangu. Nikakanyaga swichi. Wateja wawili waliokuwa wanachagua spika za gari wakageuka, na mmoja akaja kushika sanduku kama anayempima mtoto homa. Nyuki sikuwasikia. Nikapunguza kwenye gitaa, ikatulia kama ulivyosema.

Ina kilo kumi na sita na nusu. Cheche aliisukuma kwa toroli.

Mama yako


Tarehe 3 Juni

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeipata.

Jumamosi ya tarehe 14 sina kazi. Nitakuja.

Mwanao


Tarehe 20 Juni

Mama,

Shikamoo. Nilifika salama, basi lilichelewa kidogo. Natumaini hujambo, na Cheche hajambo, na mfamasia mkono wake umepona malengelenge.

Kuna mambo sikuyasema nilipokuwa huko. Nimekuwa naanza hii barua tangu Jumatatu.

Nilikaa kwenye lile kopo la rangi karibu na mlango, nikawasikiliza nyimbo tatu. Ukipiga unatoa ulimi kidogo pembeni ya mdomo, sikujua. Kidole chako cha tatu unakilaza, kisimamishe. Wimbo wa pili ulikosa swichi ukakanyaga sakafu, ukaendelea na sauti safi mahali pa nzito kana kwamba ndivyo mlivyopanga, na mfamasia akacheka mpaka akadondosha kijiti. Nimeuza amplifaya kwa watu wengi. Sijawahi kumwona mtu ameielewa yake haraka hivyo.

Halafu Cheche akaniletea gitaa. Nikakataa. Wewe ukasema, "Mwache, mgeni kachoka na safari." Nakujua. Ulisema vile ili nilichukue, na mimi nikalichukua.

Nilipiga vibaya. Vidole vimekuwa laini, na nilisahau kipande cha katikati. Niliweka sauti chini kabisa, kama mtu anayekunywa chai ugenini. Ulikuwa umekaa kwenye kopo nililoliacha. Katikati ya wimbo uliinuka, ukapita mbele yangu bila kuniangalia, ukainama na ule mguu wako mbaya, ukaongeza sauti. Ukarudi ukakaa.

Nasema sasa: nimekusamehe. Nadhani ilikuwa hapo hapo, kabla wimbo haujaisha.

Nina ombi. Waulize wenzako kama wanaweza kuvumilia gitaa la pili, Jumamosi moja kwa mwezi. Amplifaya nitakuja na yangu.

Mwanao


Tarehe 28 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima. Mfamasia amepona na anakusalimu.

Ombi lako nimelifikisha. Tulipiga kura leo kabla ya mazoezi, kwa mikono, kila mtu mbele ya mwenzake. Cheche alisema ndiyo. Mfamasia alisema ndiyo. Mimi nilisema hapana, kwa sababu ukipiga unakimbia mbele ya ngoma, na mtu akikimbia mimi ninapotea. Nimeshindwa kwa kura mbili dhidi ya moja.

Tunaanza saa nane kamili. Njoo saa saba, mimi na wewe tufanye mazoezi ya kwenda taratibu.

Mama yako