Santuri za Watu Wanne

Baba, shikamoo.

Tangu tukuzike hapa uani sikuwa nimegusa santuri zako. Wiki hii nikajikaza. Nyuma ya zile za okestra kubwa, za matarumbeta na ngoma, ulizokuwa ukipiga kila Jumapili mpaka Mwakitolyo nzima ikadhani kuna harusi, nimekuta nyingine zimegandana kwa kukaa. Watu wanne tu: fidla mbili, fidla nene na selo, ile kubwa ya sauti nzito. "Hizo za wagonjwa," uliwahi kusema, ukazirudisha nyuma. Looo, Baba, ulijinyima! Zinaongea taratibu, kama watu wa nyumba moja wanaosubiri chakula kiive. Nimelia, nikacheka, nikalia tena.

Ila nisikufiche. Upole wake ndio umetuzibua masikio. Mchana mmoja selo inanong'ona, sindano ikaruka. Nikafuta santuri. Ikaruka tena. Nikazima kabisa, na bado kitu kikaendelea kugonga. Ko, ko, ko. Chini ya sakafu.

Mama akaacha kuchambua choroko, uso umemng'aa. "Baba yenu huyo. Anapiga mguu."

Kweli enzi za uhai wako ulikuwa unapiga mguu, mpaka kandambili inachomoka. Tangu hapo anakupelekea togwa kaburini kila asubuhi, na habari ya kuhamia kwangu Kahama hataki kuisikia. "Nimwache na nani?"

Baba, si wewe. Ni nyundo za wachimbaji. Wamefungua duara, shimo la dhahabu, nyuma ya ua wa jirani Mzee Luhende, na likishafika chini halijui mpaka wa mtu. Wanafuata mwamba wenye dhahabu unakoelekea. Unaelekea kwetu. Ukuta wa chumba cha Mama umepasuka, mkono unapita. Nimemfuata msimamizi wao, akacheka: "Dada, marehemu hana shida na sisi." Mshenzi yule! Nusura nimvulie kiatu.

Jana mlio umetoka sebuleni, ukaja huku uani. Nimelaza sikio kwenye saruji ya kaburi lako, nikausikia. Mama, kasimama na kibuyu chake, akaniuliza kama nasikia unavyofurahi.

Nakuahidi hivi: Jumamosi baba wadogo wanakuja na majembe, tukuhamishie Kahama. Mama akiona jeneza lako limepanda gari, naye atapanda.

Pumzika, Baba, ila usilale fofofo. Ukisikia kugonga chini yako usiitike, si sisi. Sisi tutakuja kwa juu.

Mwanao,
Kabula