Saa Uliyonivisha

Mwanangu kitindamimba,

Nakuandikia kwa kuwa kila nikipiga simu uko kikaoni. Huku mvua zimeanza, na paka amezalia kabatini, juu ya shuka zangu nzuri. Sina hata wa kumsimulia.

Saa uliyonitumia inafanya kazi. Huko uliko unaona nimelalaje, nimetembea kiasi gani, moyo unapigaje. Aliyeiunda apewe hongera zake. Ila zamani ulinipigia kila Jumapili kwenye kisimu changu cha vitufe ukaniuliza, "Umeamkaje, mama?" Tangu saa ije, huulizi. Ya nini, na unaniona?

Wiki iliyopita niliteleza bafuni. Mguu umevimba, kitandani sitoki. Saa nilikuwa nimemwazima jirani yangu muuza mboga, aliyeipenda, naye anazunguka nayo mtaa mzima. Jana ukaniandikia: "Safi sana mama, siku hizi unatembea kweli!" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

Kisimu nimekiweka chini ya mto. Chaji imejaa.

Ni mimi mamako, yule asiyetembea.